Mbaazi za Katikati

Babu yetu wa Vidunda, mzaa mama, alikuwa na kamusi ya Kilatini isiyo na jalada. Alisoma seminari ujanani, akarudi nyumbani kabla ya upadri kwa sababu ambayo hakuwahi kuisema, na kitu pekee alichoondoka nacho ni kamusi hiyo. Alipoletwa kwetu Kilosa kutibiwa macho, alikuja nayo imefungwa kwenye kipande cha kanga. Macho hayakupona, akabaki kwetu.

Mchwa walikuwa wamekula kurasa nyingi. Sehemu iliyobaki nzima ilikuwa ya maneno yanayoanza na inter, ambalo kwa Kilatini ni "kati ya". Jioni nilikuwa nakaa naye barazani, nikimsomea herufi moja moja, kwa kuwa mimi niliishia darasa la saba na maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Maana alikuwa nazo kichwani. Nilizipenda jioni zile kwa sababu hazikunitaka niseme lolote la kwangu. Mbele za watu sauti yangu hukwama, na imekuwa hivyo tangu utoto.

"Interponere," alisema siku moja. "Kuweka kitu katikati ya vingine. Hilo ndilo kubwa lao. Unaweza kuweka ubao, unaweza kuweka siku, hata maneno."

"Na hili? I, n, t, e, r, s, e, r, e, r, e."

"Interserere. Hilo la wakulima. Kupanda kitu katikati ya kilichokwisha kupandwa. Kama anavyotaka kufanya shemeji ya mama yako."

Aliyemsema ni baba mdogo, ndugu wa marehemu baba. Wiki ile alikuwa amekuja kumwomba mama ruhusa ya kupanda mbaazi katikati ya mahindi yetu.

Shamba hilo baba alilifyeka mwenyewe. Babu mzaa baba aliletwa huku kukata mkonge, na mashamba ya mkonge yalipoachwa yakawa pori, watoto wa wakata mkonge kila mmoja alifungua kipande chake. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Haki yako iliheshimiwa kwa kile ulichopanda. Ndiyo maana watu wa kwetu wakimwazima mtu shamba humruhusu mahindi au ufuta, vitu vinavyoondoka na msimu. Mbaazi humkatalia. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki zimesimama peke yake kiangazi chote, na kila apitaye husema, hili shamba la fulani.

Mama hakulelewa hivyo. Kwao Vidunda ardhi hufuata ukoo wa mama, na mwanamke hawezi kunyang'anywa shamba kwa mbaazi. Alicheka tu.

"Shemeji, panda. Mbaazi hurutubisha udongo. Mimi nitapungukiwa nini?"

Tulipanda siku mbili, mimi na baba mdogo. Alishika kamba upande mmoja, nami upande wa pili, tukapita katikati ya mistari ya mahindi yaliyonifika magotini. Mimi nilichimba, yeye akatia mbegu tatu tatu. Alikuwa mcheshi.

"Yule mzee wenu wa Kilatini," alisema, "hicho Kilatini chake kinaota? Mwambie akipande, tukivune tukile na ugali."

Nilicheka kwa kuinamisha uso. Tulipofika mwisho wa shamba alijinyoosha mgongo, akakung'uta mikono.

"Mwanangu, hapa ni pa kaka. Mimi nakula mbaazi tu, msimu huu mmoja. Nikivuna, naondoka. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Hakukuwa na mtu mwingine. Jioni nilimweleza babu, naye akaniambia nitafute tena neno la kwanza.

"Warumi walikuwa na msemo. Fidem interponere. Kuweka uaminifu wako katikati. Mtu akikuahidi, neno lake linakaa kati yenu wawili, kama kigoda. Huwezi kupita bila kuligusa. Sasa neno la yule bwana unalo wewe peke yako. Litunze."

Baba mdogo alivuna mbaazi, na hakuondoka. Masika yaliyofuata alipanda tena bila kuomba. Mama alinung'unika jikoni, lakini hakwenda kumwambia kitu, akitumaini ataona aibu mwenyewe. Mwaka wa tatu tulifika na majembe tukakuta miche ya mitiki imepandwa kwa kamba shamba zima, mbaazi zikiwa katikati yake. Mtiki hauondoki na msimu. Anayepanda mitiki anawapandia wajukuu.

Mama aliketi chini pale pale. Baadaye alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na siku ya baraza ikapangwa.

Babu alinifundisha usiku wa kuamkia siku hiyo na asubuhi yake. Sikutaka, lakini alinishika mkono. Neno lilikuwa intercedere, kwenda katikati. Alisema Warumi walikuwa na watu waliochaguliwa kuwatetea wanyonge. Wakubwa wakiamua jambo baya, mmoja wao alikuwa na ruhusa ya kuingia katikati na kusema nakataa. Neno hilo moja la mtu mmoja lilisimamisha kila kitu.

"Alikuwa na cheo, babu."

"Alikuwa na mdomo. Wewe utasema uliyoyasikia tu. Hapa ni pa kaka, nakula mbaazi msimu mmoja. Hebu sema."

Nilisema. Nikarudia njia nzima nikimfuata mama.

Wazee wa baraza walikuwa watano kwenye benchi, na mwenyekiti kwenye kiti cha plastiki. Watu wengine walisimama dirishani. Tuliwaamkia. Nilimwamkia baba mdogo mwisho, na hilo ndilo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa. Mguu ule uliojikata umepona?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Alikuwa ndiye aliyenifunga mguu ule, mwaka aliofariki baba, kwa kitambaa alichokichana kwenye shati lake.

Mama alieleza. Baba mdogo naye akaeleza: shamba ni la familia, kaka yake hakumaliza kulifungua, yeye ndiye aliyelipanda misimu mitatu mfululizo na kila mtu ameona. Dirishani mtu alisema, "Kweli, mbaazi zake hizo." Mzee mmoja akamuuliza mama kama alimkataza. Mama akasema hakumkataza. Mzee akamuuliza kama kuna ushahidi kwamba shemeji yake aliazimwa tu.

"Huyu mtoto alikuwepo," mama alisema.

Wote walinigeukia. Mwenyekiti akasema, "Simama, binti. Usiogope. Baba yako mdogo alikuambia nini siku mliyopanda?"

Nilisimama. Niliona mikono ya baba mdogo juu ya magoti, ina udongo kwenye kucha. Hakunikazia macho. Nafikiri angenikazia macho ningesema. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayemngoja mwanawe. Maneno yote niliyokuwa nayo njiani yalikuwepo, sikuyasahau hata moja. Nilimwona mwanamke mmoja dirishani akimnong'oneza mwenzake, nikafikiri, wanasema mtoto huyu anamkana baba yake hadharani.

"Sikumbuki vizuri," nilisema.

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki."

"Kaa, mwanangu," alisema baba mdogo.

Haikuchukua muda baada ya hapo. Walisema kilichosimama shambani kinajulikana ni cha nani.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tulipofika nyumbani babu alikuwa barazani, kamusi mapajani, uso ameuelekeza njiani ingawa haoni.

"Alisema?" aliuliza.

"Hakukumbuka," mama alijibu, akapita ndani.

Babu aliikunja kanga yake juu ya kamusi polepole. Hakuniita tena kusoma. Nilikuwa naketi karibu naye jioni kama zamani, naye alinijibu shikamoo yangu, na tukakaa hivyo mpaka mama alipoamua tuhame.

Tulihamia Mikumi, kando ya barabara kuu, mama akapika kwenye mgahawa wanakosimama madereva wa malori, nami nikamenya vitunguu. Bado ninavimenya. Babu alibaki Kilosa kwa watu wa kanisani, kwa kuwa hakutaka kuzoea nyumba nyingine asiyoiona. Amefariki mwaka huu. Kamusi sijui alipewa nani. Mimi sikuuliza, maana ningeulizwa kwa nini naitaka.

Tulipotoka kuzika tulipita njia ya shambani, hakuna nyingine. Mitiki imenipita kimo. Majani yake ni mapana, lakini jua bado linafika chini, na mbaazi zilikuwa zimekomaa katikati ya mistari. Baba mdogo alikuwa anavuna. Alitoka akaja njiani, akavua kofia kwa ajili ya msiba.

"Poleni sana. Mbona mmepotea hivyo, shemeji?"

"Tupo," mama alisema.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Akarudi ndani ya mitiki, akaja na mfuko mdogo wa mbaazi, akaunyoosha mbele yetu. "Kaleni huko Mikumi. Huko najua mnanunua kila kitu."

Nilimtazama mama. Nilitaka akatae. Niligundua kwamba tangu siku ile ya baraza nimekuwa nikingoja mtu mwingine akatae kwa niaba yangu. Mama aliutazama mfuko kwa muda, halafu akanisukuma bega kidogo.

"Pokea," alisema. "Mashimo ulichimba wewe."

Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Kesho yake mama alizichemsha na nazi. Zilichukua asubuhi nzima kuiva, na zilikuwa tamu, na tulizila zote.