Tulipoacha Kungoja Mpira Uvuke Uzio

Mwanangu, haijanitoka akilini siku Mama Kemunto alipoiona sindano kwenye mkoba wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiwahudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunza huko ughaibuni, mjini Columbia Heights, naye alikuwa nesi mkuu wa shifti yetu. Jumapili nilicheza besiboli katika ligi ya mtaani kule Blaine, mji wa jirani. Timu yetu ilisifika kwa jambo moja tu: kuupiga mpira ukavuka uzio. Mabingwa wetu wawili walikuwa na mikono kama magogo, na sote tulijua mikono ile ilitoka kwenye chupa. Mimi nilikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na mwili wangu niliuonea haya. Waliponigawia dawa yao ya kutunisha misuli, sikukataa. Nilijidunga wiki tatu.

"Sindano hii ni ya mgonjwa yupi?" Mama Kemunto aliniuliza.

Nikaufunga mkoba haraka, naye akaufungua tena.

"Nimewauguza wenye vifua vipana kukushinda, mioyo yao ikachoka kabla hawajaota mvi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, kijana."

Nilizitupa chupa zile siku hiyohiyo, yeye akiwa amesimama mlangoni.

Haukupita mwezi, ligi ikatangaza kwamba wachezaji watapimwa mkojo. Mabingwa wetu wakaondoka bila kuaga. Tukafungwa mechi nne mfululizo, maana tuliobaki tulizidi kuyazungusha magongo kwa nguvu zote kana kwamba mikono ile bado ni yetu. Ndivyo ilivyo, mwanangu: mtu anaweza kuiacha dawa na bado akabaki na fikra za dawa hiyo.

Jumapili ya tano Mama Kemunto alikuja kututazama, amevaa kitenge cha kanisani na raba miguuni. Utotoni kwao Kisii alicheza raundasi shuleni, mchezo wa kugonga mpira na kuzunguka vituo kama besiboli, na hakuna aliyemkamata. Baada ya kipigo kingine alimwendea kocha wetu, mzee mmoja mpole wa Kizungu.

"Kila mmoja hapa anataka kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, pale alipopigia, kwa pigo moja," alimwambia. "Sisi tulikwenda kituo kwa kituo. Waambie wapige pale pasipo mtu, kisha wakimbie."

Kocha alicheka. Halafu akaacha kucheka, akamwomba arudie.

Tukajifunza upya. Tulijifunza kuugusa mpira tu ufie kwenye nyasi. Tulijifunza kuiba kituo, yaani kukimbilia kinachofuata mrushaji akizubaa, na kulinda uwanja kwa bidii badala ya kungoja zamu ya gongo. Haba na haba hujaza kibaba. Tulishinda mechi zote zilizobaki, tukaingia fainali na vijana wa Lakeville.

Zamu ya mwisho ilikuwa yetu, tuko sare tano kwa tano; mmoja wetu akirudi nyumbani, tumeshinda. Walinzi wao walisimama mbali, wakikumbuka tulivyokuwa zamani. Nikaugusa mpira taratibu kama anayebisha mlango wa mkwe, nikafika kituo cha kwanza kabla hawajauokota. Mrusho uliofuata, nikaiba cha pili. Mwenzangu akaugusa tena. Yeye akatolewa, mimi nikafika cha tatu. Wa baada yake alipoupiga, sikungoja kuona umeangukia wapi. Nilikimbia, nikajirusha kifudifudi, mdomo ukajaa vumbi, na vidole vyangu vikagusa nyumbani kabla ya mpira.

Mwamuzi akatandaza mikono: salama! Bao la sita, ubingwa ni wetu.

Lo! Vigelegele vya Mama Kemunto viliwashtua Wazungu hadi wakaanza kuviiga. Kocha alimbeba juujuu pamoja na kitenge chake. Nami nilisimama katikati ya uwanja nikilia, nikiupenda mwili wangu kwa mara ya kwanza.

Sikia basi, mwanangu. Nguvu isiyo yako usiitamani, hata kama wenzako wanapanda nayo. Na ukiiacha, usikae ukaomboleza ulichopoteza. Badili na mbinu zako pia, utafute ulichopewa wewe, ukitumie mpaka kiishe makali. Mungu akupe moyo mzima na ushindi ambao watoto wako watausimulia bila kuinamisha macho. Amina.