Hitima ya Jenerali

Nakumbuka siku tuliyorudishiwa insha zetu za historia, mwanangu Munir, na leo nakusimulia kwa hasira kwa sababu nimechoka kupakua sinia mbili. Wewe na nduguyo Twaha hamsemezani tangu Ijumaa, kisa jenerali wa Kimarekani aliyezikwa kabla babu yangu hajazaliwa. Yeye anamwita shujaa, wewe unamwita muuaji. Kesho unapanda basi Mwembe Tayari kwenda kuanza kazi bara, na hamjaagana. Huyo jenerali ndiye atakayekupigia simu ukiugua?

Mimi nilimwandika huyo huyo nikiwa msichana wa shule, hapa hapa Bondeni. Nilijaza sifa tupu: alipigana mpaka watumwa wakawa huru. Khadija, niliyekaa naye dawati moja, akajaza laana: vita vilipokwisha, alipeleka askari wale wale wakachome vijiji vya wenyeji wa nchi ile na kuwafukuza katika ardhi yao. Tulitukanana hadi uwanjani. Mwalimu wetu, Bi Rukia, ambaye subira hakujaliwa, alituita mbele.

"Weye umemsomea hitima," aliniambia, "na mwenzako amemlaani. Historia yangu iko wapi?"

Hitimani, kwenye kisomo cha kumwombea, marehemu husemwa kwa mema, na ndivyo ipasavyo. Mimi, kwa ubishi wangu, nikajitetea kwamba watu wa zama zile ndivyo walivyokuwa.

"Na hao waliochomewa vijiji, walikuwa wa zama gani?"

Akatuamuru tuandike insha moja, sote wawili. Basi tukaanza kugombania neno "lakini". Mimi nikitaka alichoma vijiji lakini alikomboa watumwa. Khadija akitaka kinyume chake, maana linalokuja nyuma ya "lakini" ndilo hufuta la mbele. Bi Rukia akalikata kwa wino mwekundu, akaandika "na". Alikomboa watumwa na alichoma vijiji. Ilinikera mno, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kwa hiyo sikiliza, maana sirudii. Ukimpima mtu, aliye hai au aliyekufa, mwandike mzima, na waulize pia wale aliowaumiza. Twaha ni mbishi, na ni nduguyo. Usinitilie "lakini" hapo.

Mungu akufikishe salama, akupe riziki ya halali na akurudishe kwetu. Sasa kamwite mwenzio. Nimepakua sinia moja.