Kipande cha Mti Shingoni

Binti yangu wa kwanza alianza kusema mapema, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Naanza na hilo ili nisilizunguke, maana nimelizunguka miaka mingi.

Tulikaa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kwenye nyumba ya matofali kilimani, mahali unapoiona bandari yote. Nilikuwa karani katika biro, ofisi moja huko chini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na mtaani kwetu watu wa namna hiyo hawakuwa wengi. Mke wangu alitoka Zongwe, safari ya boti kutoka kwetu. Alimwogesha mtoto kwa Kitabwa cha kwao, akamlisha kwa Kiswahili, na mtoto alizipokea zote mbili bila kuuliza ipi ni ipi.

Kabla hajatimiza miaka mitatu alikuwa akitunga maneno ambayo hakuna aliyemfundisha. Alizoea kuitwa "njoo", basi mama yake akitokea sokoni alipiga kelele: "Mama ananjoo!" Alijua kikombe kimoja, vikombe viwili. Siku moja aliona boti mbili za Kigoma zikiondoka bandarini pamoja, akatutangazia kwamba zinaenda Vigoma. Mama yake alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nilimsahihisha. Sikuona kwamba mtoto yule alitazama tunayoyafanya, akatoa sheria yake humo, kisha akaifuata bila kusita. Ningeliona hilo, ningeliogopa kufanya nilichofanya baadaye.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Bironi tulikuwa tumevua tai, tunavaa koti la abakosti na kuitana sitwayen, yaani raia. Tuliambiwa turudi kwenye asili yetu, lakini barua zote ziliandikwa kwa Kifaransa, na aliyekikosea alichekwa mbele ya watu. Mkubwa wangu wa bironi alitutembelea na binti yake wa umri uleule. Yule mtoto alisimama katikati ya sebule akaimba wimbo mzima wa Kifaransa. Wangu akaenda kumletea kuku amwonyeshe.

Sikutulia tena. Wiki nzima nilitembea barazani huku na huku, nikimwona binti yangu mtu mzima, anachekwa.

Nilipokuwa mwanafunzi kulikuwa na kipande cha mti chenye kamba. Aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa sana, na nilikichukia. Hata hivyo nilichonga kingine kama kile, nikakitundika kwenye msumari kando ya mlango, nikasema humu ndani sasa ni Kifaransa tu.

"Na miye nisiyekuwa na Kifaransa?" mke wangu aliuliza.

"Utajifunza."

"Haya. Nitajifunza na mti shingoni kama mbuzi wa watu."

Alikivaa karibu kila siku. Alikivaa akikaanga samaki wa ndakala, akipepeta mchele, akimsuka mtoto. Na akishakivaa alisema alivyotaka, kwa kuwa adhabu ilikuwa tayari shingoni, hakuna wa kumvisha mara ya pili. Akikivua, alinyamaza.

Mtoto naye akaacha kusema nami. Nikiingia, alifunga mdomo. Nilimsemesha Kifaransa, akanitazama kama mtu anayengoja kitu kingine. Mchana nilitoroka bironi, nikapanda kilima, nikasimama nyuma ya dirisha la jikoni kusikiliza. Alikuwa akibubujika na mama yake, maneno yanakanyagana. Nikaingia, kimya. Nilidhani wamenigeuka.

Jumapili moja mwenzangu wa bironi alikuja kunisalimu baada ya misa. Tulikuwa tumekaa sebuleni. Mtoto akavuta kigoda mpaka mlangoni, akapanda, akakitoa kile kipande cha mti kwenye msumari. Akaja nacho moja kwa moja kwangu, akapanda magotini, akapitisha kamba kichwani mwangu, akaiweka vizuri shingoni. Kisha akatulia, akanitazama mdomoni.

Mwenzangu alipasuka kwa kicheko. "Eh, sitwayen! Leo umekamatwa! Huyu mutoto njo mwalimu wako!"

"Papa," mke wangu alisema taratibu kutoka mlangoni, "mutoto hawacheki ninyi. Anataka museme naye. Anawaza mwenye kuvaa ile njo mwenye ruhusa ya kusema."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, kwa sababu nilielewa. Nilielewa palepale, na neno moja la Kiswahili lingetosha. Lakini mwenzangu alikuwa bado anacheka, anajipiga paja. Nilikivua, nikamteremsha mtoto, nikamwamuru kwa Kifaransa akirudishe mahali pake. Alikirudisha.

Wiki ile mke wangu alimchukua mtoto, wakaenda Zongwe kwa mama yake. Nilibaki na nyumba. Nikakichoma kile kipande cha mti jikoni, nikadhani nimemaliza.

Waliporudi, mvua zimekwisha, niliwapokea ufukoni. Nilichuchumaa nikasema, "Karibu, mama yangu." Binti yangu alinitazama shingoni, si usoni. Tulipofika nyumbani alikimbilia msumari. Kisha nikamsikia akinong'ona sikioni mwa mama yake: "Cha papa kiko wapi?"

Kesho yake nilichonga kingine. Nilikitoboa, nikakitia kamba, nikakiweka mfukoni mwa abakosti. Nilingoja siku ya kukivaa, isiyo na mgeni, isiyo na jirani uani. Kila siku alikuwapo mtu. Nilishuka nacho bironi, nikapanda nacho, kikanichoma pajani nikiketi. Miezi ikapita hivyo. Mpaka siku moja nilipomsalimu kwa Kifaransa, kwa mazoea tu, akajibu: "Oui, papa." Wazi kabisa, bila kosa. Na lazima niseme ukweli: nilifurahi. Nilikwenda kumsimulia mkubwa wangu.

Sasa yeye mwenyewe ni bibi. Mama yake alipokuwa hai, walicheka kwa Kitabwa jikoni mpaka nikasimama tena nyuma ya dirisha, mzee mzima. Kwangu huja, huketi, huniuliza habari za dawa zangu kwa Kifaransa kizuri kuliko changu. Mwaka jana nilimjibu kwa Kiswahili. Nilimwambia, "Nimechoka, mama. Tuseme tu." Macho yake yakashuka shingoni mwangu, sijui kama alijua kwa nini. Halafu akajibu kwa Kifaransa kwamba nipumzike.

Kile cha pili kimo sandukuni, na kamba yake bado mpya.