Suti ya Buluu Isiyo na Kichwa

Katika muhula wangu wa kwanza chuoni, mwalimu wa sanaa za michoro alitupa picha ya mwanamume aliyevaa suti ya buluu na tai nyekundu, akatuambia tumkate kichwa. Aliomba kwanza. Chuo chetu ni cha Kikristo na hakuna kompyuta inayowashwa kabla ya maombi. Baada ya amina akatuonyesha jinsi ya kufuata ukingo wa kola, polepole, bila kuacha hata alama ya ngozi ya shingo. Vijana wa darasa langu walimaliza upesi wakaenda kunywa chai. Mimi nilibaki. Mkono wangu ulikuwa umezoea brashi nene za kupaka kuta za maduka huko Nanyuki, Isiolo na Meru, na kile kipanya kidogo kilikuwa kikiniponyoka kama sabuni. Nilipomaliza nilikuwa na suti safi isiyo na kichwa, nikaihifadhi. Sikujua kwamba nitaishi nayo.

Nilikuwa nimepita miaka arobaini na bado elimu yangu ilikuwa ya kidato cha nne. Nilitoka nyumbani, vilima vya Mukurweini, punde tu baada ya mtihani, na tangu hapo sikukaa mji mmoja muda wa kutosha mtu kunizoea. Kila nilipofika mahali nilianza kupakumbuka nilipotoka. Niliporudi na kumwambia baba kwamba chuo cha Nyeri kimenikubali kusoma Kiingereza, mawasiliano na michoro, alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Hakuinua kichwa.

"Umerudi kukaa, ama unapita tu?"

"Nimerudi kukaa, baba."

"Haya. Shika upande huo tufunge haya majani."

Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi, na yalinitosha.

Mtu wa kwanza kuivaa ile suti alikuwa mkulima wa Wamagana. Wanawe walinijia na picha yake akiwa shambani, sweta limetoboka kiwikoni. Kwetu hakuna mazishi bila programu, kile kijitabu chenye picha ya marehemu mbele na historia yake ndani kwa Kiingereza, na hakuna anayetaka baba yake aage dunia na sweta lililotoboka. "Si wewe unasomea haya mambo?" wakaniambia. "Mvalishe." Nikakitoa kichwa chake shambani nikakiweka juu ya kola ya buluu. Watu walipenda mno. Habari zikaenea Tetu, zikavuka hadi Othaya, na katika miaka miwili wazee wengi wa vilima hivyo waliagwa wakiwa wamevaa suti moja. Hata Kiingereza kilikuwa kimoja. Nilikuwa na sentensi yangu kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, mcha Mungu na mwenye kupenda familia yake, nami nilibadilisha jina tu.

Wanafunzi wenzangu waliniita Guka, yaani babu. Walikuwa wakichungulia kwenye kompyuta yangu.

"Guka, huyu mwingine tena? Si uifue hiyo suti kwanza?"

"Ati siku yako ikifika, Guka, utapata nafasi ndani yake ama kutakuwa na foleni?"

Nilicheka nao. Ilikuwa inachekesha kweli.

Siku ambayo baba alifariki nilikuwa kwenye ibada ya katikati ya wiki. Simu ilitetemeka mfukoni, nikatoka nje nikiwa nimeinama. Dada yangu mkubwa alikuwa akipiga kutoka hospitali ya Othaya. Aliniambia maneno mawili, "Baba ameenda," kisha akaanza kuniuliza kama nimekula. Ndani walikuwa wakiimba. Nilisimama pale kwenye nyasi hadi wimbo ukaisha.

Jumamosi iliyofuata kamati ya mazishi ilikutana nyumbani kwetu. Mwenyekiti alikuwa jirani, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye huendesha kila mazishi ya huko kama gwaride la shule. Akagawa kazi: hema, viti, chakula, gari la maiti. Alipofika kwenye programu alinielekezea kalamu.

"Hapa hatutafuti mtu. Tuko na mtaalamu wetu. Kijana, mazishi ni Ijumaa, kwa hivyo Jumatano programu iko kwa printa. Na iwe kali kuliko zote umewahi kutengeneza. Ni ya baba yako."

Nikasema itakuwa. Kisha nikaingia kwenye simu yangu kutafuta picha ya baba.

Kila mara nilipomwelekezea simu alikuwa akigeuka. "Piga huyo ng'ombe," alikuwa akisema. "Mimi si niko hapa tu." Basi nilikuwa na ng'ombe. Ng'ombe akinywa maji, ng'ombe na ndama wake, ng'ombe na jua la jioni nyuma ya migomba. Baba hakuwamo hata katika moja.

Ukutani kwetu kulikuwa na kalenda ya kanisa na picha ya arusi ya dada yangu. Ukoo wote umejipanga, baba hayupo. "Alikuwa kwa mbuzi wa kuchoma," mama akasema. "Alisema wakiachiwa vijana wataungua." Nilikwenda kwenye kiwanda cha kahawa alikokuwa mwanakamati. Karani alinitolea picha ya kamati nzima, akaipitia kwa kidole mara mbili. Siku hiyo baba alikuwa ameenda kufunga bomba la maji lililopasuka. Kwenye chama cha maziwa walinipa picha ya ng'ombe wetu siku aliposhinda zawadi. Ng'ombe amejaa picha nzima, na ukingoni kabisa, upande wa kushoto, kuna mkono umeshika kamba. Kidole cha shahada kimepinda, kile alichokatwa na panga akiwa kijana. Mkono tu. Mpiga picha alikuwa amemkata baba kama mimi nilivyomkata yule mwanamume wa suti.

Nikaenda Karatina, kwenye studio ya zamani tulikopigwa picha tukiwa wadogo. Mwenyewe ni mzee aliyekuja kutoka Vihiga kabla sijazaliwa na hajarudi.

"Mzee wako namkumbuka sana," akaniambia. "Alileta nyinyi watoto hapa Krismasi moja, mmevaa viatu mpya. Nikamwambia, Mzee, ingia na wewe. Akakataa. Akasimama pale mlangoni anawachekesha ndio mcheke kwa picha."

"Huna hata moja? Filamu ya zamani?"

"Filamu zote zilinyeshewa, kijana. Na nyinyi nanyi! Mtu akiwa hai hakuna mtu anakuja hapa. Akikufa, mko mlangoni mnalia."

Sikuwa nikilia hadi aliposema hivyo.

Kikabaki kitambulisho. Hata hicho kilikuwa kinangojewa kwa naibu wa chifu, kwa maana kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini, nikaomba nikipige picha kwanza. Sura ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ya kijana aliyeogopa kamera, imesuguliwa na miaka ya mfukoni hadi jicho moja limefutika.

Jumanne mchana nilikaa kwenye chumba cha kompyuta chuoni na kuikuza. Kadiri nilivyoikuza ndivyo ilivyokataa kuwa mtu, ikawa vijisanduku vya kijivu. Nikajaribu kuijaza kwa kumbukumbu. Nikafumba macho nimwone, nikamwona mgongo wake, kofia yake, jinsi alivyoinama kwenye majani. Uso haukuja. Nikaomba, kwa Kikuyu, kwa maneno ambayo si ya ibada ya chuo. Mwenye printa alikuwa amenipigia kuniuliza kama kazi ipo. Mwishowe nikatoka nje, nikageuzia simu uso wangu mwenyewe, nikajipiga. Watu wamesema siku zote kwamba tunafanana. Nikachukua macho yangu, taya langu na masikio yangu, nikayazeesha, nikayalaza juu ya kile kivuli cha kitambulisho. Nikaongeza mvi. Kisha, kwa kuwa shingo ilihitaji kitu chini yake, nikafungua ile suti.

Asubuhi yake niliwapelekea kamati, pamoja na karatasi nyingine niliyotengeneza ikiwa na mkono tu, kamba, na jina lake chini.

Mwenyekiti aliinua ya suti akaisogeza mbali na macho yake. "Huyu sasa ni mtu! Ona vile anakaa kama meneja."

"Na hii?" nikamwonyesha ya mkono.

"Hii ni nini?"

"Ni mkono wake."

"Sasa wageni watoke Nairobi waje kuzika mkono?" Kamati ikacheka, hata mimi midomo ilinicheza. Mwenyekiti akaniwekea mkono begani. "Kijana, umechoka. Peleka hii ya suti."

Nikaipeleka kwanza kwa mama, aliyekuwa ameketi jikoni na wanawake wa kanisa. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Huyu ni wewe," akasema.

"Ni baba, maitu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kikuyu.

"Hapana. Huyu ni wewe umevaa suti. Baba yenu yuko wapi?"

Mwanamke mmoja akasema ni huzuni, akamwongezea chai. Mimi nilisimama pale na simu ikilia mfukoni, mwenye printa tena, na kama angenipa siku moja zaidi sijui ningekwenda wapi, kwa kuwa kila mahali nilikuwa nimeshafika. Nikaondoka na suti.

Ijumaa kulinyesha manyunyu. Watu walijikinga kwa programu, na nilipopanda kusoma historia ya baba kwa Kiingereza, kama kamati ilivyotaka, mbele yangu kulikuwa na vichwa vingi na juu ya kila kichwa mtu wa suti ya buluu aliyelowa. Nikasoma sentensi yangu. Mchapakazi, mcha Mungu, mwenye kupenda familia yake. Niliisikia ikitoka na haikumgusa mtu yeyote, hata mimi. Mama hakunitazama. Alikuwa akitazama upande wa zizi.

Baada ya mazishi nilimpa ile karatasi ya mkono. Alipitisha kidole chake juu ya kidole kilichopinda, akatikisa kichwa kukubali.

"Mkono ni wake. Sura utaniletea lini?"

Nilimwambia nitaleta. Muhula huu tunasoma kuchora sura kwa penseli, nami nilifurahi kwa kuwa niliona ndiyo njia iliyobaki. Nimechora karatasi nyingi. Naanza na paji la uso, nashuka kwenye pua, na kabla sijafika kidevuni najua ni nani anayetokea. Ni yule wa programu. Mkono wangu unajua kola kuliko unavyomjua baba. Mwalimu hupita nyuma yangu na kusifu mistari, anasema nimeendelea sana. Vijana hawanitanii tena kuhusu suti. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Guka, uko sawa?" Nikamjibu niko sawa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nyumbani mikono mitupu tena. Tulikamua, tukapeleka maziwa barabarani, tukarudi. Mama hakuniuliza habari za sura, nami nikashukuru. Alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, akitupa mabovu kando.

"Jana nimemwota baba yenu," akasema.

"Alikuwaje?"

Aliendelea kuchagua. Kisha vidole vikasimama.

"Alikuwa na tai. Ati tai nyekundu." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayeweza kumsaidia. "Na yeye hakuwahi kuwa na tai."