Shule ya Namba Moja Ilivyomwondoa Chebet

Sisi tuliosoma shule ya msingi ya Boito wakati sakafu ya darasa ilipakwa kinyesi cha ng'ombe kila Ijumaa, tunajua namba ni nini. Wasichana tulibeba kinyesi, wavulana walileta maji, na Jumatatu tukiingia darasa lilinukia kama nyumbani. Tulikuwa ishirini na saba. Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini majina ninayo yote: Joel Kirui, Rael Chelang'at, Wambui binti wa mwenye duka, Zakayo aliyesinzia kwa hesabu, Musa Koskei, na wengine wote nikitaka nitawataja mpaka mboga iungue.

Siku ya kufunga shule wazazi waliketi kwenye nyasi na Mwalimu Samson akatupanga mstari mmoja, kuanzia namba moja mpaka namba ishirini na saba. Hatukuwa na viatu, umande ulituuma miguu, na ukungu ulikuwa bado haujatoka kwa michai. Joel alikuwa wa kwanza kila mara. Musa alikuwa wa mwisho kila mara, na alisimama pale nyuma akitabasamu kama mtu aliyechaguliwa. Halafu akina mama walifungua vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, na kimyet, ule ugali wa wimbi, ikiwa bado na joto ndani ya majani ya mgomba, na wote tukala. Musa alikula kumshinda Joel. Nami nikimwambia mama nimekuwa wa kumi na nne alisema, "Nimesikia. Sasa chukua mtungi uende mtoni."

Ukafika ule mtihani wa darasa la nne ulioamua nani anaendelea mbele. Joel hakupita. Rael, aliyezoea namba kumi na tisa, alipita. Mwalimu Samson alisimama mbele ya wazazi akasema yeye alikuwa amepanga mstari wake, mtihani umeupanga upya, na kwa nini hajui. Mwalimu mzima, na tai yake, alisema hajui. Na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Musa abaki nyumbani siku ile ndio Boito ionekane safi. Musa alifanya mtihani pamoja nasi, akaanguka, na jina lake likasomwa katika shule yake. Mimi niliachia hapo, baba alisema inatosha, nikapewa kikapu niende kuchuma chai.

Sasa niwaambie kilichonichoma.

Chebet ni mtoto wa binti yangu Ednah, anayefanya kazi Nairobi. Nimemlea mimi. Alipoitwa kidato cha kwanza katika shule ile kubwa ya wasichana, nilicheza mpaka goti likauma kwa wiki. Tuliambiwa kwa redio kwamba mambo ya kupanga shule kwa namba yamekatazwa. Magazeti yalinyamaza, kweli, lakini watu wanazipanga kwa simu, na shule zenyewe zinajipanga kwa mabango makubwa pale getini. Hata mimi nilizipanga. Mwaka mmoja kabla Chebet hajafika kidato cha nne, shule ile iliongoza huku kwetu. Nikashuka mtoni kutafuta sinendet, ule mmea unaotambaa ambao tunawavika washindi, nikamvika mwalimu mkuu shingoni kwa mikono yangu hii. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Sikuuliza alikuwa ameshindaje.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata tukaitwa, wazazi na nyanya wachache kama mimi. Deputi wa mwalimu mkuu, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alituambia kuna wasichana ambao alama zao haziridhishi. Hao wataandikishwa mtihani katika shule ndogo huko chini kuelekea Fort Ternan. Chebet alikuwa kwenye orodha. Kemia ilikuwa imemvuta chini. Nikauliza amekosa nini.

"Kogo, hatumfukuzi," akaniambia, akiniita nyanya kwa lugha yetu. "Tunalinda wastani wa shule."

Nimechuma chai miaka arobaini. Karani wa banda la kupimia naujua mkono wake: anauingiza ndani ya gunia, anatoa majani magumu, anayatupa nyuma ya banda, na yale yanayobaki yanaitwa mazuri. Sijawahi kumchukia, ndiyo kazi yake. Nikamwambia deputi kazi anayofanya naijua vizuri sana. "Lakini yale majani yanayotupwa, kijana wangu, hayana nyanya nyumbani."

Akaangalia simu yake. Mama mmoja wa Kipkelion alicheka, halafu akaanza kulia. Nami nikiwa bado nimesimama ndipo ikaniingia kichwani: wale wasichana wa mwaka uliopita, walikuwa wametupwa wapi nilipokuwa naimba?

Chebet akaenda. Walimu wa shule ile ndogo ni watu wazuri, siwasemi vibaya, lakini hawana maabara. Mwaka ule wote vyombo vya kemia alivishika mara moja tu, siku ya mtihani wenyewe. Akapata C. Chuo kikuu kinataka C na alama ya kujumlisha. Ngazi moja tu. Angebaki kule angeipata? Mimi sijui, na deputi naye hajui, lakini yeye aliamua kama anayejua. Shule yake ikapanda tena. Bango la getini linatangaza wangapi wanaenda chuo kikuu, na wanahesabu wale waliowabakisha tu. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la nne naona imekatwa mguu.

Siku matokeo yalipotoka, Chebet aliketi na mimi jikoni. Halafu akauliza, "Kogo, kwani walikuwa wamejua nitapata hii C?"

"Hawakujua, mama. Walisababisha."

Amerudi kule chini kurudia mwaka. Amekonda.

Vijana wa siku hizi wananicheka. Wanasema nyanya anataka turudi kwa sakafu ya kinyesi. Wao shule inachaguliwa kwa picha ya basi na wimbo wa getini, na jina la msichana aliyeondolewa halijulikani na yeyote. Sisi tulikuwa maskini wa viatu, lakini tulioanza ndio tuliomaliza, na kila mzazi aliondoka na mtoto aliyekuja naye.

Juzi jirani yangu Leah alikuja kuniuliza juu ya shule ile, kwa sababu mjukuu wake anaingia gredi ya kumi ya huu mtaala mpya na wote nyumbani wanataka ya namba moja. Nikamwambia aende mpaka getini, asiangalie bango, aulize kitu kimoja: wasichana walioingia hapa walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani hapa hapa ni wangapi? Wakianza kueleza badala ya kutaja namba, amshike mtoto mkono warudi nyumbani.