Joto Bila Moshi

Katika kijiji kile cha kaskazini mwa Laos, mwanamume hupimwa kwa kuni zake. Mkewe akifika mwezi wa mwisho, watu hupita kama hawana habari, kumbe macho yako chini ya nyumba, baina ya nguzo, kutazama kuni zimepanda hadi wapi. Maana mama akishajifungua hulazwa kwenye kitanda cha mianzi, moto ukawekwa chini yake siku kumi, pengine kumi na tano, akapasha mgongo joto na kunywa maji ya moto ya mizizi, na kichanga ubavuni pake. Thongdam alikuwa amezipanga za kwake mpaka zikagusa sakafu, kila gogo urefu mmoja. Alikuwa mkwe aliyehamia ukweni, kama wanavyofanya huko, na mkwe hataki kusemwa.

Basi siku mkewe Manivan aliposema hataki moto chumbani, Thongdam alishuka akakaa kwenye ngazi, akazitazama kuni zake.

"Kuni zote hizi?" akauliza.

"Kuni hazina kosa."

"Mimi je?"

"Wewe pia huna. Moshi ndio wenye kosa."

Manivan hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mikono mipana ya kulima mpunga wa mlimani, na binti mmoja wa miaka mitano, Dokkham. Huyo Dokkham akicheka, kifua hulia kama filimbi. Wenzake wakikimbilia kijitoni, yeye hufika wa mwisho ameshika magoti. Siku zake kumi na mbili za kwanza duniani zilipita juu ya moto, katika chumba ambacho mtu akiingia tu machozi humtoka. Mwaka huu wa mimba ya pili, mganga wa zahanati alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, akauliza mtoto alilala wapi alipozaliwa. Kisha akasema anayekuja asilazwe ndani ya moshi hata siku moja. Manivan aliyabeba maneno hayo njia nzima, saa tatu kwa miguu, na hakuyatua tena.

Aliyebaki kuridhishwa ni mama yake, Bibi Onsi.

"Nimezaa saba juu ya moto," alisema bibi, akipepeta mchele.

"Na wangapi walikohoa, mama?"

"Watu hukohoa. Ndio watu hao." Kisha akauweka ungo chini. "Dada yangu Bua alizaa pangoni, miaka ile ya ndege za mabomu. Hatukuweza kuwasha hata kijiti, moshi ungeonekana juu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimshika miguu, imekuwa baridi kama samaki. Siku ya sita akatutoka. Wewe unaniambia habari za moshi, mwanangu. Mimi nakuambia habari za baridi."

Mama yake hakuwa akisema upuuzi. Baridi ile ilikuwa ya kweli, na filimbi ile kifuani mwa Dokkham ilikuwa ya kweli. Manivan akaamua kutafuta joto lisilo na moshi, na alikuwa na wiki tatu tu.

Umeme walikuwa nao, wa kwao wenyewe. Kila nyumba ilikuwa na kimashine chake kijitoni, maji yanakizungusha, waya mwembamba unapanda kwa kuegemea miti hadi nyumbani. Huwasha taa mbili na kuchaji simu. Thongdam, aliyetaka naye aonekane amefanya jambo, alikwenda sokoni akarudi na birika la umeme. Watachemsha maji, watie kwenye chupa, wazipange chini ya kitanda. Akalichomeka asubuhi. Taa zikafifia, kimashine kikaanza kulalama kule chini. Ilipofika adhuhuri Bibi Onsi alitia kidole kwenye maji.

"Bata angeoga humu," akasema.

Kisha waya ukaanza kunuka, wakachomoa mbio.

Kesho yake Manivan alishuka kijitoni kuondoa majani yaliyonasa kwenye kimashine. Tumbo lilikuwa zito, kiuno kinamuuma, akaketi juu ya jiwe lililopigwa na jua. Joto likampanda mgongoni taratibu. Likaja wingu, jua likajificha, jiwe likaendelea kutoa joto. Akakaa hapo mpaka alipokuwa na hakika. Aliponyanyuka, kikapu chake kilikuwa na mawe matatu.

Akawasha moto uani, akayatumbukiza. Hazikupita dakika ishirini, jiwe moja likapasuka kwa kishindo, vipande vikaruka huku na huku, kuku wakatawanyika. Bibi Onsi akatokeza kichwa mlangoni.

"Umeyaokota wapi hayo?"

"Kijitoni."

"Jiwe la kijitoni lina maji ndani. Nani alikufundisha kulitia motoni? Unataka kumtoa mtu jicho?" Akashuka ngazi huku akinung'unika. "Yanayofaa yako kule juu, shamba la zamani, yale meusi. Marehemu baba yako aliyafanya mafiga, miaka ishirini hayajapata ufa."

"Nionyeshe, mama."

"Sikuonyeshi. Sikubaliani na jambo hili." Akachukua kikapu. "Ila wewe huwezi kupanda kilima na tumbo hilo, na mumeo hajui jiwe."

Akarudi na mawe kumi na manne. Thongdam akayachoma uani kwa kuni zake nzuri, akayatia kwenye karai lenye majivu, akalisukuma chini ya kitanda. Manivan alitaka kulala ajaribu, bibi akamzuia kwa mkono, akapanda mwenyewe. Akalala chali, amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Mgongo umepata," akasema baadaye. "Miguu bado."

Likaongezwa karai la pili, la miguuni.

Mtoto wa kiume alizaliwa wiki iliyofuata, alfajiri. Mama Phonsi, jirani, akapita kuona.

"Tunasikia unachomwa kama kiazi, Manivan."

"Panda ulale, tuone kama utashuka."

Akapanda kwa mzaha, akakaa mpaka chakula kikaiva. Mjomba mmoja aliyekuja na kiko mdomoni alirudishwa kutoka ngazini, na aliyemrudisha ni Bibi Onsi.

Siku ya sita bibi hakwenda shambani. Alikaa miguuni pa kitanda tangu asubuhi, ameshika nyayo za binti yake kwa mikono miwili. Alasiri akainuka, akaweka sikio kifuani mwa kichanga, akamwashiria Dokkham anyamaze.

"Unasikia nini?" Manivan akauliza.

"Moyo tu."

"Basi siku zangu zikiisha, jiko la kupikia nalo linahamia uani. Dokkham hatalala tena na moshi."

"Jiko limekaa pale tangu sijazaliwa."

"Najua, mama."

Bibi Onsi alimtazama mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa amebana pumzi ili asilie filimbi. Akarudi miguuni pa kitanda, akazishika tena zile nyayo, akainua sauti kuelekea uani.

"Mkwe! Lete mengine. Ya huku yanaanza kupoa."