Ng'ombe wa Uzee Wetu

Mke wangu amepona, lakini hajarudi nyumbani. Alianguka kwenye matope ya mtaa wetu, karibu na ziwa, akavunjika mfupa wa paja, na waganga wa hospitali ya hapa Uvira wakamtengeneza vizuri. Namshukuru Mungu kwa mikono yao. Siku daktari aliposema anaweza kwenda, walimtoa kwenye kitanda cha wagonjwa wakampeleka chumba cha nyuma, wanakokaa waliopona lakini hawajalipa. Mlangoni pana mlinzi. Kila siku napeleka bugali na mboga ya lengalenga, naingia, natoka. Yeye hatoki.

"Hapa tunalala kama wamalkia," wanawake wa chumba kile huniambia wakiiona sufuria. "Hatuende shamba, hatuchote maji. Deni tu njo inazaa." Mmoja wao alijifungua humo hospitalini, na mtoto wake sasa ameanza kukaa mwenyewe.

Mhasibu wa hospitali ni mtu wa adabu. Husimama nikiingia ofisini kwake. "Papa, weye ulinifundisha katekisimu," aliniambia. "Sina neno na weye. Lakini nikimuacha mama aende, minye njo nitalipa."

Nikamwambia nina ng'ombe Rurambo, mlimani.

"Iko ngombe ya kweli?"

"Iko ya kweli."

"Basi tutangojea ngombe."

Nimekuwa katekista tangu ujana wangu, na nililima mpunga kule Luberizi. Kanisa lilinipa heshima na shamba lilinipa chakula, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kilichoniwekea kitu cha uzeeni. Pensheni ni ya wale waliokuwa na bosi na karatasi, na hata wao nawaona wakipanga mstari tangu alfajiri, kisha wakirudi wameinamisha vichwa. Mkulima, mvuvi, mama muuza ndagala, uzee wao ni watoto wao. Kwetu sisi, mtoto mmoja tulimzika. Mwingine alikimbia vita akavuka mpaka, anaishi kambini Burundi, na yeye ndiye angehitaji tumpelekee chakula.

Kwa hiyo uzee wetu tuliuweka kwa ng'ombe. Mwaka mmoja mpunga ulikubali, nikanunua mtamba mwekundu, nikampa rafiki yangu mfugaji wa Rurambo amchunge, maana huku ziwani hatuna malisho. Desturi ni hii: maziwa ni ya anayechunga, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na baada ya ndama kadhaa mchungaji naye hupewa mmoja. Ng'ombe akifa, mchungaji huteremka na ngozi yake, ili mwenye mali aone kwa macho kwamba alikufa kweli, hakuuzwa. Hakuna karatasi hapo katikati. Wakati fulani ndama alianguka korongoni, na rafiki yangu akaja na ngozi, akaitandaza mlangoni hata kabla ya kunisalimu.

Yeye ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti, mimi Mkatoliki. "Sala zenu ziko fupi," hunitania, "kama za mutu aliyeacha chungu ku moto." Nami humjibu kwamba za kwao ni ndefu kwa sababu wanamsimulia Mungu mambo anayoyajua tayari.

Ng'ombe wale walituezekea nyumba mabati. Walimzika mwanetu kwa heshima. Tulipoanza kuchoka kulima, mke wangu alisema, "Waliobaki tusiwaguse. Hawa ni wa siku tutakaposhindwa kusimama." Siku hiyo ikaja, na aliyeshindwa kusimama ni yeye.

Nilituma habari mlimani kwa kila mtu niliyesikia anapanda. Wengi walirudia njiani kwa sababu ya bunduki. Jirani yangu, mama muuza ndagala, alikuwa akigeuza samaki wake juani siku moja akaniita.

"Papa katekista, ngombe ya kukaa mulima haiko ngombe. Iko habari."

"Rafiki yangu atashuka."

"Angekuwa minye, ningekula."

"Weye ungekula na ngozi."

Alicheka sana, akanifungia ndagala za kumpelekea mgonjwa, wala hakutaka kitu. Lakini neno lake lilibaki nami. Nilishika rozari, na katikati ya sala nikajikuta nahesabu ng'ombe badala ya punje.

Rafiki yangu alishuka. Alifika mchana, na koti lake refu na fimbo. Namwomba Mungu anisamehe, nilitazama mikono yake kabla ya uso. Hakuwa na ngozi.

"Amahoro," alisema, akinitakia amani kwa lugha ya kwao. Nilimletea kiti, akakikataa, akakaa chini.

"Walikufa?" nikauliza.

"Kama zingekufa ningebeba ngozi, hata kwa meno. Hazikufa. Watu wa bunduki walizifukuza mbele yao, nzima kabisa, za kwako na za kwangu. Nilizifuata mupaka wakanipiga. Sasa nikuletee nini, ndugu yangu? Ngombe muzima hana ngozi ya kuleta."

Desturi yetu ilijua kifo, haikujua jambo hili. Nikaona miguu yake ilivyovimba, na vumbi la tambarare yote ya Ruzizi limemganda mpaka magotini. Hapo nilifahamu kwamba uzee uliochukuliwa mlimani haukuwa wangu peke yangu. Nyumba yake pia ilichomwa, na hilo alinieleza mwisho kabisa, kama mtu anayetaja mvua.

"Nipeleke kwa mama," alisema. "Mwenyewe nitamwambia."

Mlinzi alituruhusu kuingia. Mke wangu alipoiona ile fimbo alijiinua kwenye mto, na wanawake wengine wakasogea kumpisha mgeni. Rafiki yangu alimwambia yote akiwa amesimama, bila kupunguza.

"Hata yule wa doa ku paji?" mke wangu aliuliza.

"Hata yule."

"Si alikuwa na mimba?"

"Alikuwa karibu kuzaa, mama."

Alijifunika uso kwa kitenge. Wakati huohuo mhasibu alipita mlangoni, akamwona mfugaji, uso wake ukang'aa. "Papa, ngombe imefika?"

"Ni minye tu nimefika," rafiki yangu alisema.

Mhasibu alisimama kidogo, akatutazama mmoja mmoja. "Papa," alisema polepole, "kila siku iko inaandikwa ku deni." Kisha akaenda zake. Sikumchukia. Alisema kweli, na hakuwa na kweli nyingine ya kuniambia.

Mtoto wa yule mwanamke alikuwa akivuta koti la mgeni, na hakuna aliyemkataza. Hatimaye mke wangu akaondoa kitenge usoni.

"Utalala wapi?" alimuuliza.

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, na minye najua. Kitanda yangu iko wazi kule nyumba."

"Hapana, mama. Nitalala chini."

"Weye ulichunga ngombe zangu miaka yote hii ku baridi ya mulima, halafu ulale chini kwangu? Kitanda iko wazi, na sijui itakaa wazi mupaka lini. Enda ulale."

Muda wa wageni ukaisha. Nilimsaidia mke wangu kujinyoosha, nikamfanyia ishara ya msalaba kwenye paji. Nilimshukuru Mungu kwa rafiki mwaminifu, na nilimshukuru kwa moyo wote, lakini shukrani ile haikufungua mlango. Tulitoka wazee wawili, mlinzi akafunga nyuma yetu, mke wangu akabaki ndani.

Tangu siku ile, unga ule ule unapikwa kwa watu watatu.